Namna ya Kutazama Mieleka ya Kulipwa Bila Kumdhulumu Mwanamieleka

Anza kwa kukubali kwamba mshindi hupangwa kabla ya pambano. Jambo hili si siri tena, kwani mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya Marekani ambayo leo inaitwa WWE ilieleza mbele ya Seneti ya jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, ili isisimamiwe kama inavyosimamiwa michezo ya ngumi. Ukishalikubali hilo, achana na swali la nani angeshinda, uitazame kazi yenyewe. Mwangalie anayeinuliwa jinsi anavyoruka kumsaidia mwenzake, kisha anavyobana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, na anavyotandaza mikono ili kishindo kienee mgongo mzima. Chini yake kuna mbao zilizolazwa juu ya vyuma, na kati ya mgongo na mbao hizo ni sponji nyembamba na turubai tu.

Usidhani kwamba kilichopangwa hakiumizi. Tarehe 28 Juni 1998, mjini Pittsburgh, Marekani, mwanamieleka Undertaker alimtupa mpinzani wake Mick Foley kutoka juu ya tundu la chuma lililofunika ulingo, kimo cha karibu mita 5, akaangukia meza. Hilo lilipangwa. Muda mfupi baadaye Foley alipanda tena, na paa la tundu likaachia chini yake, hilo halikupangwa.

Hatua ya pili, ambayo naiona kuwa nzito kuliko zote, ni kumtenga mtu na mhusika anayemwigiza, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kujifunza hilo. Kwa miaka mingi watazamaji walioneshwa Kamala, aliyeitwa jitu la Uganda: peku, uso na tumbo vimepakwa rangi, mkuki mkononi, mla watu asiyejua hata kwamba mpinzani hulazwa chali ili ahesabiwe. Mtu huyo hakuwa Mganda. Alikuwa James Harris, Mmarekani aliyezaliwa jimbo la Mississippi mwaka 1950, aliyewahi kuendesha lori, na uhusika huo ulibuniwa huko huko Marekani, mjini Memphis, mwaka 1982. Kwa hiyo unapomwona mhusika wa namna hiyo, jiulize ni nani aliyembuni, ni nani aliyefaidika, na ni watu gani waliodhihakiwa. Kwa maoni yangu Waganda walidhulumiwa kwa picha ile, lakini lawama haimstahili Harris, aliyekuwa akitafuta riziki katika biashara ambayo haikuwa na nafasi nyingi kwa mtu mweusi mwenye umbo lake. Kisukari kilisababisha akatwe miguu yote miwili, naye akafariki Agosti 2020.

Kisha fuatilia maisha ya nje ya ulingo. Wanamieleka wa WWE huhesabiwa kuwa makandarasi wa kujitegemea, si waajiriwa, na kwa miaka mingi wengi wao wamejilipia wenyewe magari ya kukodi, hoteli na bima ya afya, huku wakizunguka mji hadi mji wakiwa na maumivu. Mmoja wao, Eddie Guerrero, alifariki mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 38. Ni baada ya kifo hicho, mwaka 2006, kampuni ilipoanzisha mpango wa kuwapima moyo na matumizi ya dawa.

Ukibahatika kukutana na mwanamieleka, usimwambie kwamba kazi yake ni ya uongo. Muulize alifundishwa na nani, na ni jeraha gani lililochelewa kupona. Hapo atakuzungumzia kama fundi anayeheshimiwa.

Na ukimwona mtoto anataka kumnyanyua mdogo wake kama alivyoona kwenye televisheni, usimfokee tu. Rudisha picha polepole, umwoneshe kidevu kilivyobanwa na mikono ilivyotandazwa, kisha umweleze kwamba watu hao walijifunza kuanguka muda mrefu kabla ya kuruhusiwa kuinuliwa.