Ubaki wodini au urudi shule? Somo kwa wauguzi wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini

Mbeya, mwezi wa saba, saa tisa usiku. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na mama wa kitanda cha sita njia ya uzazi imefunguka sentimita 8. Zamu kama hiyo ilinifanya nijaze fomu ya chuo kwa hasira, na asubuhi yake mtoto alipolia nikaichana. Mwaka uliofuata nilijaza tena, safari hii nikiwa nimepiga hesabu. Hesabu yenyewe ndiyo hii.

Hatua ya 1: Daftari. Kwa miezi mitatu, kila ukitoka zamu andika mistari miwili: kilichokuchosha, na kilichokusahaulisha saa. Usijipendezeshe, hakuna atakayesoma. Langu lilinishangaza. Nilidhani nimechoka wagonjwa, kumbe karibu kila ukurasa nalalamikia wauguzi wawili kubeba vitanda 30, glovu kuisha, na daktari wa zamu kutopokea simu. Shahada haileti glovu. Daftari lako likisema hayo, kwanza omba kubadilishiwa wodi au kituo. Mwenzangu alihamia kliniki ya watoto, na habari za chuo zikaishia hapo.

Ila mwishoni mwa daftari nilikuta mistari ya aina nyingine: "presha ilishuka ghafla, sikujua kwa nini", "niliona dozi haijakaa sawa, nikakosa la kumwambia daktari." Mistari hiyo ndiyo iliyonipeleka shule.

Hatua ya 2: Jua unachokwenda kusomea. Shahada ya uuguzi ni miaka 4, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani kufanya kazi hospitalini chini ya uangalizi. Uzamili kwa kawaida ni miaka 2, na hapa wengi hupotea. Pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, Dar es Salaam, kuna uzamili wa wagonjwa mahututi na majeraha, wa ukunga, na wa afya ya akili. Kozi kama hizo zinakurudisha kwa mgonjwa ukiwa na mengi zaidi kichwani. Ukisomea utawala, ujue unajiandalia kiti cha ofisini. Si vibaya, mradi usije ukalia baadaye kwamba umeikumbuka leba.

Hatua ya 3: Slipu ya mshahara. Hata ukipata ruhusa yenye mshahara, posho za zamu hazitakufuata darasani. Ukisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, ukirudi kazini wanakata 15% ya mshahara wa msingi. Weka pango, nauli, na dada wa kazi. Mimi niliandika vyote hivyo nikasahau viazi. Shamba letu la Umalila ndilo lililokuwa likilipa ada za watoto. Nilipoondoka likabaki kwa shemeji, na misimu miwili tulivuna magunia ya kutosha mbegu tu.

Hatua ya 4: Karatasi. Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri kabla hujaomba chuo, na usipande basi bila barua ya ruhusa mkononi. Bila hiyo wewe ni mtoro kazini. Ukimaliza, kubadilishiwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kwenda Afisa Muuguzi hakuji kwenyewe. Nilipokuwa mimi, faili langu lililala zaidi ya mwaka, nikifanya kazi ya shahada kwa mshahara wa stashahada. Tunza nakala za kila barua, zenye mhuri wa kupokelewa.

MASWALI

Sista wa Tukuyu: Ndaga fijo kwa somo, dada. Nina miaka 41 na stashahada ya GPA (wastani wa alama) 2.9. Nimechelewa?

Jibu: Kwa umri, hapana. Shida ni hiyo 2.9, maana vyuo huanzia 3.0. Soma mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka huu, kisha ulizia kozi ya msingi (foundation) ya Chuo Kikuu Huria. Imewavusha wengi wenye GPA kama yako.

Kijana wa Makambako: Shikamoo dada. Niko hospitali ya misheni. Watanilipia ada nikisaini kuwatumikia miaka mitano.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nenda moja kwa moja kwenye kipengele cha kuvunja mkataba: unarudisha ada yote, au ile ya miaka iliyobaki tu? Kama hakijaandikwa, waombe wakiandike kabla hujasaini.

Mama Upendo, Mafinga: Mume wangu anasema nikisoma nitamdharau.

Jibu: Hilo halina kozi, mama. Mwonyeshe hatua ya 3, mpige hesabu wote wawili. Wangu alilainika alipoona jina lake kwenye safu ya wanaopika.

Sista wa Tukuyu: Na wewe dada, mwisho ulikaa ofisini?

Jibu: Waliniita, nikakaa miezi minne. Niko wodi ya mahututi sasa, na Jumanne naingia usiku. Sweta nimeshaifua.