Kulinganisha madaraja ya wahudumu wa dharura kabla ya hospitali

Usianze na vyeti. Wahudumu wawili wenye cheti cha jina moja wanaweza kuwa wamefundishwa mambo tofauti kabisa, na anayeumia ni mgonjwa. Anza na kazi yenyewe. Orodhesha kila tendo, kuanzia kuzuia damu hadi kuingiza mpira wa hewa kooni, kisha amua daraja lipi linaruhusiwa kulifanya. Madaraja manne yanatosha: mwitikiaji wa kwanza, mhudumu wa msingi, wa kati na wa juu.

Kila ruhusa iandikwe pamoja na sababu, dozi na njia. “Anaruhusiwa kutoa adrenalini” ni sentensi ya hatari. Andika hivi: mhudumu wa msingi humdunga mtu mzima mwenye mzio mkali miligramu 0.5 kwenye msuli, upande wa nje wa paja. Miligramu 1 kwenye mshipa, kila dakika 3 hadi 5, ni ya mgonjwa ambaye moyo umesimama, na ni ya madaraja ya juu. Dozi hiyo ikiingia mshipani kwa mtu ambaye moyo bado unapiga, inaweza kumuua.

Kisha wapime wote kwa karatasi moja ya vigezo, na anayepima asiwe aliyewafundisha. Kwenye kubana kifua cha mtu mzima angalia kina cha sentimita 5 hadi 6, mibano 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kuachiwa kirudi juu kabisa. Kwenye mfuko wa kupumulishia, ambako wengi huanguka, mgonjwa ambaye mapigo yapo lakini hapumui hupewa pumzi moja kila sekunde 6, kiasi cha kifua kuinuka tu. Anayekamua kwa pupa hujaza hewa tumboni. Mgonjwa hutapika, na matapishi huingia mapafuni. Rudia kipimo kila miezi 6, maana ujuzi huu hupotea upesi. Aliyepungukiwa afundishwe pale alipopungukiwa tu. Kumrudisha mkongwe darasani kuanzia mwanzo kunamvunja moyo bure.

Begi la dawa na vifaa lifuate daraja. Mofini, dawa kali ya maumivu, isitoke bila naloksoni, dawa inayoizima ikizidi. Gari nalo lihesabiwe kwa daraja la aliyemo: mashine ya kushtua moyo haiwapandishi wahudumu daraja.

Fomu ya makabidhiano iwe moja kwa wote: saa na chanzo cha tukio, majeraha, mapigo na upumuaji, matibabu na jina la daraja lililoyatoa. Saa ya kufunga mkanda wa kubana damu iwe na kisanduku chake, kwa sababu ndiyo husahaulika zaidi.