Somo: Kuufasiri Ubeti kwa Brashi na Herufi

Somo hili ni kwa wapenzi wa fasihi wanaoshika brashi. Linahusu kazi moja tu, nayo ni kuufasiri ubeti kwa rangi na kwa herufi katika karatasi moja, bila herufi kugeuka maelezo ya chini ya picha wala picha kugeuka pambo la maneno. Wanawake wa pwani wanalijua jambo hili tangu zamani, kwa maana kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lililokaa mahali pake, na mnunuzi makini husoma jina kabla ya kulipa. William Blake wa Uingereza naye, alipochapa mashairi yake mwaka 1789, aliyaweka maneno na picha juu ya bamba moja la shaba, akiandika herufi kinyumenyume ili zisomeke zikishapigwa chapa.

Mfano wetu ni ubeti mmoja wa Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambamo mshairi anauonya moyo wake kwa kuutazama mji wa Pate uliokwisha kuanguka. Mishororo mitatu ya kwanza ya ubeti huo ni hii:

Madaka ya nyumba ya zisahani
Sasa walaliye wana wa nyuni
Bumu hukoroma kati nyumbani

Hatua ya kwanza: soma kwa sauti, kisha hesabu. Usiguse rangi kabla hujausoma ubeti mpaka ulimi uuzoee. Lugha ni Kiamu, lahaja ya Lamu: zisahani ni visahani, nyuni ni ndege, bumu ni bundi. Kila mshororo una mizani, yaani silabi, 11, na pumzi hukatika baada ya mizani ya 6, yaani "Madaka ya nyumba", kisha "ya zisahani". Kina cha -ni kinagonga mara tatu, halafu mshororo wa nne unafunga kwa neno "waikaliye" (wameikalia), na hicho kina cha -ye ndicho kinachorudi ubeti baada ya ubeti. Andika hesabu hii pembeni mwa daftari, kwa sababu ndiyo ramani ya picha yako.

Hatua ya pili: tafuta kitu kimoja. Madaka ni vile vishubaka vilivyochongwa katika kuta za nyumba za mawe za Pate na Lamu, safu juu ya safu, ambamo wenye nyumba walipanga vyombo vya kauri vilivyotoka mbali. Mshairi hakutaja hapa kilio wala kaburi. Ametuonyesha shubaka ambalo pahali pa sahani pamelala kinda la ndege, na hilo linatosha kuuma. Kwa hiyo chora ukuta wa madaka peke yake. Wanafunzi wangu wengi huongeza mwezi, mnazi na mzee aliyeinamisha kichwa, na kila wanachoongeza kinaudhoofisha ubeti.

Hatua ya tatu: zipe herufi makazi. Chora safu tatu za madaka, 11 katika kila safu: 6 kushoto, 5 kulia, na katikati uache ukuta mtupu wenye upana wa daka moja, ambao ndio ile pumzi. Kila daka lichukue silabi moja. Mimi huchagua fonti yenye vijiguu vidogo chini ya herufi, kwa kuwa herufi ya namna hiyo hukaa juu ya mstari kama sahani ilivyokaa katika daka. Chapisha silabi kwa ukubwa unaoutaka, paka penseli laini nyuma ya karatasi, kisha ifuatishe kwa kalamu ya wino juu ya karatasi ya kuchorea. Safu ya kwanza herufi zisimame wima. Ya pili ziwe ndogo, zimeegemeana pembeni mwa daka kama makinda. Ya tatu ziwe nene na nyeusi, zijaze daka lote, maana bundi sasa ndiye mwenye nyumba.

Hatua ya nne: mshumaa, kisha rangi. Tumia karatasi nzito ya gramu 300 kwa mita ya mraba na rangi za maji. Herufi za safu ya kwanza zijaze kwa mshumaa mweupe, ukikandamiza kwa nguvu. Kisha pitisha brashi pana yenye rangi ya majivu iliyochanganywa na kijani kidogo, rangi ya ukuta ulioingiwa na unyevu. Utaona maji yakikimbia juu ya nta na kujikusanya vitone vitone, na "ma-da-ka" inajitokeza nyeupe kama chokaa, mahali ambapo sekunde moja kabla hapakuonekana kitu. Mara yangu ya kwanza sikukandamiza vya kutosha, rangi ikapenya na nusu ya mshororo ikapotea. Acha ikauke kabisa kabla ya kuchora safu ya pili na ya tatu kwa brashi. Mwisho andika "waikaliye" chini ya ukuta, na silabi ya -ye pekee uipe wekundu wa udongo.

Hatua ya tano. Itundike, rudi nyuma hatua tano, na umwombe mtu asiyeujua ubeti ausome.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo, mwalimu. Je, si vyema kutumia herufi za Kiarabu, kwa kuwa ndizo alizoandikia mshairi?*
Marahaba. Ni vyema sana, iwapo unazisoma. Kumbuka kwamba jicho litaanzia kulia, hivyo madaka 6 yahamie kulia na 5 kushoto. Kama huzisomi, mshirikishe anayezisoma tangu mchoro wa penseli, kwa sababu nukta moja ikikosewa neno hubadilika.

*Nataka kuchora riwaya. Nianzie wapi?*
Anzia kwenye sentensi moja ambayo umeikumbuka bila kufungua kitabu. Sura nzima haitaingia katika karatasi.

*Naweza kuweka herufi kwa kompyuta juu ya picha iliyopigwa?*
Unaweza, ila mshumaa utaukosa. Angalia pia alama ya ng' katika neno kama ng'ombe: programu nyingine huibandika kama alama ya kufungua usemi, na kosa hilo hukuzwa mara kumi likichapwa kwenye bango.

*Mshairi wa siku hizi je, niombe ruhusa?*
Ndiyo, kabla ya kuonyesha au kuuza. Kenya na Tanzania haki hulindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo ikiwa amefariki karibuni, waandikie warithi wake au mchapishaji.