Kurekebisha hamonika ikubaliane na pumzi yako

Mwezi uliopita chalii mmoja wa Kijenge, hapa Arusha, alinijia na hamonika mpya ya ki ya C (ki ni ufunguo wa muziki), analalamika ni mbovu, tundu la pili akivuta linakaba halitoi sauti kabisa. Nikamwambia hebu piga nisikie. Aisee alivuta kwa nguvu kama anatoa mafuta kwenye tenki kwa mpira! Nikaichukua nikavuta taratibu, sauti ikatoka safi. Hamonika ilikuwa nzima na yeye hakuwa na shida ya mapafu, ila ile hamonika ilitoka kiwandani imewekwa kwa mtu mwenye pumzi ndogo na yeye sio huyo mtu. Naandika hii kwa ajili ya wote waliokata tamaa hapo hapo, maana wengi wanaiweka kabatini wakati dawa yake ni dakika kumi.

Tuanze na kununua. Zile zilizojaa madukani kwetu, za matundu 24 yenye mistari miwili, zinaitwa tremolo. Kila noti ina vilimi viwili (vile vipande vyembamba vya shaba vinavyotikisika ndani), kimoja kimepandishwa kidogo kuliko mwenzake, ndo maana sauti yake inatetemeka. Kwa nyimbo za kanisani ni tamu sana, siibezi. Lakini mimi nilinunua ya hivyo Moshi nikahangaika karibu nusu mwaka kupinda noti, yaani kuishusha sauti yake kwa mdomo, muuzaji hakuniambia na mimi sikujua kwamba haiwezekani: ili noti ipinde, kilimi cha kupuliza na cha kuvuta lazima vikae kwenye chumba kimoja, na kwenye tremolo kila kilimi kina chumba chake. Ukitaka kupinda tafuta ya matundu 10, vilimi 20. Basi.

Kwenye hizo za matundu 10 angalia mwili wa katikati, ule wenye meno kama chanuo. Marine Band ya kampuni ya Hohner, iliyoanza 1896, ni ya mti, sauti yake naipenda sana lakini mti ukilowa mate unavimba na meno yanachomoza, na kama wewe unapiga kwa kuziba matundu kwa ulimi utachubuka. Ukiwa nayo na ina skrubu, toa mabamba yaliyoshika vilimi, lisugue chanuo kwa msasa laini juu ya kioo mpaka liwe tambarare halafu ulipake nta ya nyuki. Kama hutaki kazi hiyo chukua Special 20, chanuo lake ni plastiki. Seydel wana 1847 yenye vilimi vya chuma cha pua, hiyo inavumilia watu wa nguvu muda mrefu ila bei yake inauma. Lee Oskar nao wanauza mabamba ya vilimi peke yake, kwa hiyo kilimi kikichoka hutupi kitu kizima.

Ki sasa. Anayepiga melodi ya wimbo kama ulivyo, wimbo ukiwa C anachukua C. Anayependa kupinda, mambo ya bluzi, anahesabu nne kwenda mbele akianzia ki ya wimbo: wimbo wa G anachukua C, wa A anachukua D, wa D anachukua G. Ki ya chini kama G vilimi vyake ni virefu, vinachelewa kuitika, na za juu kama F zinaitika haraka mpaka anayeanza zinamshinda. Anza na C au A.

Haya, tuje kwenye pengo, hapa ndo penyewe. Lakini kabla hujashika bisibisi jaribu kwanza kushusha taya, legeza koo, vuta kutoka tumboni, kwa sababu tundu la pili likikaba mara nyingi ni mdomo umebanwa. Ukijaribu wiki nzima na bado, fungua. Bisibisi ndogo ya fundi saa inatosha, mimi ya kwangu nimepewa na mzee mmoja fundi saa hapa mjini, nilimwamkia, nikamwonyesha kazi yenyewe, akachomoa moja kwenye kopo lake akasema chukua mwanangu.

Toa mfuniko wa chini. Vilimi unavyoviona nje ni vya kuvuta. Inua hamonika usawa wa jicho, elekeza dirishani, utaona ncha ya kila kilimi imeinuka kidogo juu ya bamba, huo mwanga mwembamba unaopita chini yake ndo pengo. Kipimo cha kuanzia ni pengo lililo sawa na unene wa ncha yenyewe, virefu vya sauti ya chini viwe wazi zaidi, vifupi vya juu vibaki kama unywele. Pengo likiwa dogo mno ukivuta kwa nguvu kilimi kinakaba. Likiwa kubwa hewa inapotea, unaishiwa pumzi katikati ya ubeti. Kwa hiyo mwenye nguvu anafungua kidogo, mwenye pumzi laini anafunga kidogo.

Kwa yule chalii nilichukua kijiti cha meno nikakipitisha chini ya ncha, nikainua polepole, nikaachia, nikampa avute. Bado. Nikarudia. Mara ya tatu ikaitika kwa ile ile nguvu yake, akabaki anacheka mwenyewe. Ukitaka kufunga unakandamiza taratibu kwenda chini, shina karibu na ribiti (kile kipini kinachokibana kilimi kwenye bamba) likae limelala, usikunje ncha peke yake. Vya kupuliza vimejificha ndani chini ya bamba la juu, unavisukuma kwa kijiti kupitia upenyo wake ukitaka kufungua, kufunga inabidi utoe bamba. Na usivisahau, maana ukipinda tundu la tatu kuvuta, lile linaloshuka nusu noti tatu, kilimi cha kupuliza ndo kinabeba kazi kubwa. Noti isipokubali kupinda angalia vyote viwili.

Wanaotaka ovabloo, yaani kupuliza mpaka itoke noti ya juu ambayo tundu halina, ule ufundi ambao mpiga hamonika Howard Levy aliufikisha mbali, wanafunga mapengo sana kwenye tundu la 4, la 5 na la 6. Hamonika ya hivyo ukiipiga kwa nguvu inakaba tena, kwa hiyo tenga moja kwa kazi hiyo na usichanganye.

Kutyuni: ukikwangua kidogo ncha ya kilimi noti inapanda, ukikwangua karibu na ribiti inashuka. Weka kipande cha kopo la soda chini yake kikishikilie, kwangua mara mbili tatu, pima na tyuna ya simu. Wapiga melodi ningewashauri kitu kimoja: tundu la 3 kupuliza, kwenye C ni G, na G hiyo tayari unayo kwenye la 2 kuvuta. Ipandishe iwe A na utapata sauti iliyokuwa inakosekana huko chini bila kupinda. Inaitwa Paddy Richter, ni ya mpiga hamonika Brendan Power wa New Zealand. Jifunzie kwanza kwenye hamonika iliyokufa, kilimi cha shaba ukikizidishia kinavunjika.

Na baridi ya Arusha mwezi wa sita na wa saba usiidharau. Hamonika ikiwa ya baridi mvuke wa pumzi unageuka maji juu ya vilimi na vinanata, ukidhani pengo limeharibika ukaanza kuchokonoa ndo unaharibu kweli. Iweke mfuko wa ndani wa koti dakika kumi kwanza. Na kama umetoka kunywa soda au mtori sukutua mdomo, halafu ndo upige.