Somo: Jinsi ya kukagua websaiti kama kila mtu anaweza kuitumia

Habari wakuu, leo tunakagua websaiti kujua kama mtu asiyeona, asiyesikia au asiyeweza kushika mausi anaweza kuingia akafanya shughuli yake mpaka mwisho bila kumuita mtu amsaidie. Kipimo changu ndo hicho, amemaliza au amekwama.

Hatua ya 1
Chagua kazi moja, mfano kufungua akaunti. Usianze na websaiti nzima utachoka bure.

Hatua ya 2
Weka mausi pembeni. Tab inakupeleka mbele, Shift na Tab inakurudisha, Enter inafungua linki, spacebar inaweka tiki. Je unaona uko wapi kwenye ukurasa? Ule mstari unaozunguka kitufe ulichofikia madizaina wengi wanaufuta eti unaharibu muonekano, sasa wakishaufuta mtu wa kibodi anatembea gizani na hii inaniuma sana maana kuuacha hakugharimu chochote. Alafu kile kiboksi kinachojitokeza ghafla, Esc inakifunga au umenasa humo humo? Hapa msiharakishe, websaiti nyingi zinafelia hapa.

Hatua ya 3
Washa programu ya kusoma skrini. Kwenye Windows kuna NVDA ya bure, iPhone ina VoiceOver, simu nyingi za Android zina TalkBack. Funga macho usikilize. Ukisikia jina la faili badala ya maelezo ya picha ujue alt (maelezo ya picha yanayowekwa kwenye kodi) haijaandikwa (picha ya pambo tu alt yake inaachwa tupu ili irukwe). Kwenye NVDA bonyeza H uruke kichwa cha habari hadi kingine, kama hairuki basi vile vichwa ni maandishi yaliyokolezwa tu. Fomu nayo, kila kisanduku kitaje jina lake. Na ukurasa wa Kiswahili uandikwe lang="sw" kwenye kodi yake (yaani lugha ni Kiswahili), ukiachwa "en" (Kiingereza) sauti inasoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, haieleweki kabisa.

Hatua ya 4
Pima rangi, yaani maandishi yanavyotofautiana na rangi ya nyuma yake: maandishi ya kawaida angalau 4.5:1, makubwa angalau 3:1. Kuza hadi asilimia 400 uone kama inabidi uvute kulia na kushoto ndo usome.

Hatua ya 5
Sasa ndo ulete WAVE au Lighthouse, zile programu zinazokagua ukurasa zenyewe.

MASWALI

Swali: Mkuu Lighthouse imenipa 100, si nimemaliza?
Jibu: Hapana ndugu. Inaona kwamba alt ipo, haijui kama ulichoandika kinalingana na picha. Rudi hatua ya 2 na ya 3.

Swali: Nifuate WCAG ipi (ule mwongozo wa kufanya websaiti itumike na kila mtu), na viwango vyake A, AA, AAA inakuwaje?
Jibu: Chukua 2.2 ya Oktoba 2023. A ni ya chini, AAA ya juu kabisa, wewe lenga AA ya katikati. AAA hata W3C wenyewe (shirika linalotoa WCAG) hawashauri iwe sharti kwa websaiti nzima, kuna maudhui hayawezi kuifikia.

Swali: Video je?
Jibu: Weka manukuu, yale yanayojitengeneza yenyewe yapitie uyasahihishe, majina yanakosewa sana.

Swali: Nikikuta makosa nimwandikieje developa?
Jibu: Ukurasa gani, ulibonyeza nini, kikatokea nini, ulitegemea nini, brauza gani na programu gani ya kusoma. Yanayomzuia mtu kumaliza yatangulie, ya rangi ya futa (sehemu ya chini kabisa ya ukurasa) yafuate.