"Nimebadilisha lakini haionekani": jinsi ya kumkabidhi tovuti mtu asiye fundi

Juzi nimemaliza kumkabidhi mwenzangu tovuti ya chama chao. Kuijenga kulinichukua siku mbili. Kumzoesha kulikula wiki tatu, na kosa lilikuwa langu: nilichagua vitu vilivyonirahisishia mimi, nikasahau kwamba mimi naondoka na yeye ndiye anayebaki. Sasa nafuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Mtazame atakayeandika, ndipo uchague mfumo

Usianze kuuliza mfumo upi ni bora, yaani programu ya kujengea tovuti na kuandikia kurasa zake. Uliza ni nani ataingia humo wewe haupo, mara ngapi, kufanya nini. Anayeingia kila siku atamudu hata mfumo mgumu, maana mikono huzoea. Anayeingia mara moja kwa miezi miwili husahau yote; kwake kila kuingia ni siku ya kwanza.

Wix humfanya mgeni ajione fundi ndani ya saa moja, kwa kuwa anaburuta kitu na kukiweka atakapo. Ubaya wake huonekana siku ya kuhama: tovuti nzima huwezi kuibeba ukaiweka kwenye seva nyingine (kompyuta inayohifadhi tovuti). Ghost, iliyotoka mwaka 2013, ni ya kuandika na kuchapisha. Kama kazi ni makala tu, mtu hana mengi ya kupotelea. Joomla ya mwaka 2005 huwachanganya watu kwenye menyu, kwa sababu kinachoonekana kwenye ukurasa hutegemea kipengele cha menyu ulichopitia. Drupal, iliyoanza 2001, inakutaka uelewe aina za maudhui na namna zinavyohusiana kabla hujaandika cha maana. Ukiwa na maelfu ya rekodi utaishukuru. Ukiwa na kurasa kumi, umejitwisha gunia la mawe.

Mimi hurudi WordPress. Si kwamba ni nyepesi kuliko zote, ila mtu akikwama usiku wa manane atampata mwingine aliyewahi kukwama palepale. Lakini naitumia na kihariri chake chenyewe cha bloku (vipande kama aya au picha vinavyopangwa kuunda ukurasa), kile kilichokuja na toleo la 5.0 Desemba 2018. Programu-jalizi (nyongeza zinazopachikwa kwenye mfumo) za kujengea kurasa sizitaki. Kila moja ni somo jipya juu ya somo la kwanza, na baadhi yake ukizizima zinakuachia maandishi yaliyojaa mabano na misimbo.

Hatua ya 2: Sakinisha

Kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zina kitufe cha kazi hiyo. Bofya, usubiri.

Hatua ya 3: Mpe wadhifa wa Mhariri

Usimpe Usimamizi, hata akiomba. Si suala la kumwamini au kutomwamini. Msimamizi akiingia anakuta menyu za mandhari (mwonekano wa tovuti), programu-jalizi na mipangilio ambazo hatazihitaji maishani. Mhariri anaona kurasa, machapisho, picha na maoni, basi. Nusu ya ugumu wa mfumo inaondoka hapo bila kufundisha chochote. Usishuke hadi Mwandishi, maana huyo hawezi kugusa kurasa, wala Mchangiaji, ambaye hata picha hawezi kupakia. Utapigiwa simu kila Jumatatu.

Hatua ya 4: Mwonyeshe kila kitu kinakaa wapi

Hapa ndipo nilipoteza karibu siku nzima. Mwenzangu alibadilisha maneno ya ukurasa wa mwanzo, akahifadhi, akafungua tovuti: maneno yaleyale ya zamani. Akarudia mara tano. Mimi nikakimbilia kufuta kache (nakala za muda za kurasa) ya kivinjari, kisha ya programu-jalizi, kisha ya seva. Hakuna kitu.

Kumbe mandhari niliyoweka ilikuwa na kiolezo chake cha ukurasa wa mbele, yaani umbo lililoandaliwa ambalo ukurasa hufuata. Kiolezo hicho kikiwepo, ndicho kinachotumika, hata kama kwenye mipangilio ya Kusoma umechagua ukurasa fulani uwe wa mwanzo. Maneno yaliyokuwa yakionekana yalikuwa yameandikwa ndani ya kiolezo, na bloku ya kuleta maudhui ya ukurasa haikuwemo. Mwenzangu alikuwa akihariri ukurasa halali kabisa, ila hakuna aliyekuwa akiusoma.

Nilipojua hilo nikafungua faili la kiolezo kwenye seva nikalirekebisha. Bado! Kiolezo kikishaguswa kupitia kihariri cha tovuti (pale pa kuhariri violezo vyenyewe), nakala yake huhifadhiwa kwenye hifadhidata, na nakala hiyo ndiyo inayoshinda faili. Ilinibidi nirudi kwenye kihariri, nifute yale mabadiliko, ndipo faili lifuatwe.

Kwa hiyo siku hizi, neno "haionekani" likitamkwa, sigusi kache kwanza. Nafanya hivi:

Nafungua ukurasa kwenye dirisha la faragha, yaani bila kuingia kwenye akaunti. Kama aliyeingia anaona kipya na asiyeingia anaona cha zamani, hapo ni kache, kwa sababu programu nyingi za kache huwaruka watu walioingia. Kama wote wawili wanaona cha zamani, nauliza maswali mawili. Je, umebofya kitufe cha kuhifadhi mabadiliko? Mfumo hujihifadhia nakala wenyewe unapoandika, lakini nakala hiyo haiendi hewani hadi ubofye. Pili, je, hicho ulichohariri ndicho kinachoonyeshwa? Kache ya seva inaweza kuwahadaa wote wawili, kwa hiyo naongeza ?v=2 mwisho wa anwani; mara nyingi kache huiona kama anwani mpya na kuleta ukurasa mbichi.

Kuna mtego wa kinyume pia: unabadilisha mahali pamoja, panabadilika kote. Kijachini (sehemu ya chini kabisa ya ukurasa) ni kipande cha kiolezo, kinatumika kila ukurasa. Na zile ruwaza zilizosawazishwa, yaani vipande unavyoweka kwenye kurasa nyingi, ambazo kabla ya toleo la 6.3 ziliitwa bloku za kutumika tena, ukifuta namba ya simu kwenye moja imefutika kila ilipowekwa. Mwenzangu aliifuta kwenye ukurasa wa matukio tu, alivyodhani.

Dawa yangu ni karatasi moja, iliyochapwa, kando ya kompyuta yake. Safu ya kushoto: kinachoonekana kwenye tovuti. Safu ya kulia: pa kukibadilishia. Mistari kumi na miwili imetosha. Video za mafunzo nilizomrekodia hakuzifungua hata moja.

Hatua ya 5: Nakala rudufu

Ijiendeshe kila usiku, ikae nje ya seva ileile. Ijaribu mara moja kuirejesha.

Hatua ya 6: Kaa pembeni, usishike kipanya

Mpe kazi tatu: kuchapisha tangazo lenye picha, kurekebisha tarehe kwenye ukurasa uliopo, na kurudisha toleo la jana la ukurasa alioharibu kwa makusudi. Ya tatu ndiyo humtoa mtu woga. Usimwelekeze. Kila anaposita zaidi ya nusu dakika, andika alipositia. Mwenzangu alisita mara tisa. Saba kati ya hizo nilizimaliza kwa kubadilisha majina ya kurasa na kuondoa vitu kwenye menyu. Mbili zilihitaji maelezo, zikaingia kwenye karatasi.