Mwenye pasheni apande na mbaazi

Wenye pasheni za manjano hapa Unguja, pandeni mbaazi kwenye ukingo wa konde. Ua la pasheni hiyo halijirutubishi. Linataka chavua (ule unga wa ua) ya mche mwengine, na mbebaji hodari ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti. Nyuki wadogo mara nyingi hujichukulia chavua tu wakaondoka.

Mbaazi ndiyo inayomweka karibu huyo nyuki mkubwa. Mti unapita kimo cha mtu, unaishi miaka kadhaa, na maua yake ni ya manjano, mengine yana michirizi myekundu mgongoni. Mtazame akitua: petali zinabonyea kwa uzito wake, anaondoka na unga tumboni.

Tia mbegu mbili tatu kila shimo mvua zikianza, shimo na shimo hatua moja na nusu. Maweni inavumilia, mizizi inakwenda chini sana. Bondeni kwenye mpunga usijaribu, maji yakituama inakufa. Ukishavuna, punguza matawi kwa panga lakini usikate chini kabisa, itachipua tena.

Na kigogo kikavu kisichopigwa dawa kiache pembeni, nyuki huyo atoboe hicho. Mimi nilikichoma kuni, akahamia kwenye paa la banda langu.

Ua la pasheni hufunguka karibu na adhuhuri, basi mchana usipulize dawa. Mbaazi zenyewe mnajua pa kuzipeleka: tui zito, na mandazi asubuhi.